Ukoo wa SL

Asubuhi ya mazishi, wakati waombolezaji wanaanza kuingia na kugombea viti vya kivulini, Shangazi alikwenda kwenye baraza ya nyuma, akazikuta chupa za marehemu kaka yake zimepangwa ukutani kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa na daktari. Zilikuwa chupa kubwa za mdomo mpana, zilizowahi kuwa za jamu. Akaziba pua, akazimwaga zote chooni. Kisha akazisugua kwa majivu na dawa ya choo mpaka zikang'aa, akazipindua juani, akarudi jikoni akijifuta mikono kwenye upindo wa gauni lake jeusi.

"Nimekutolea uchafu wote wa baba yako, mwanangu," alimwambia binti wa kaka yake. "Angalau leo watu wavute pumzi."

Binti huyo aliitwa Safi. Halikuwa jina la cheti. Baba yake alimbandika tangu utotoni, kwa kuwa alikuwa mtoto wa kukataa kikombe kilichonywewa na mwingine, wa kufuta kijiko kabla ya kula na kukifuta tena akikumbuka nani alikishika mwanzo. Sasa alikuwa mtu mzima, na kinyaa chake kilikuwa kimekua pamoja naye. Alishika vitasa vya milango kwa leso. Kazi aliyoichagua ilikuwa ya pasi katika duka la dobi, upande wa nguo zilizokwisha fuliwa. Upande wa pili, zinakopokelewa nguo chafu, hakuwahi kuukanyaga. Na kwa miaka yote aliyoishi na baba yake, baada ya mama yake kufariki, alimwomba mzee kitu kimoja tu: zile chupa azitoe.

Sasa zimetoka. Badala ya kufurahi, aliketi pale pale jikoni juu ya gunia la mkaa, na gauni lake jipya.

"Umezimwaga zote?"

"Zote. Hata ile iliyokuwa inatoa povu yenyewe."

"Ile ndiyo ilikuwa bibi, Shangazi."

"Bibi wa nani?" Shangazi alimtazama usoni kuona kama msiba umemzidi. "Inuka hapo, utachafuka."

Baba yake Safi alikuwa mwalimu wa Kiingereza. Siku za wiki alifundisha kama walimu wengine, kwa chaki na kukohoa. Lakini Jumamosi, katika kituo cha masomo ya ziada kilichokuwa ghorofani juu ya duka la matairi, alifundisha kwa beseni. Alikuwa na imani yake moja ambayo hakuna mkaguzi aliyeweza kumtoa: kwamba Waingereza, kila walipoanza neno kwa S na L, walikuwa wamekanyaga kitu. Maneno hayo, alisema, ni ukoo mmoja, na ukoo huujui kwa kusomewa majina. Unaujua kwa kushikana mikono.

Bibi wa ukoo alikuwa slime, yaani ute, ambaye hana hata mfupa mmoja lakini wote wametoka kwake. Baba mkubwa alikuwa sludge, tope zito la mtaroni. Akikaa mahali haondoki mpaka aitiwe watu. Slop, maji ya vyombo yenye makombo, alikuwa shemeji, anayemwagika popote bila kualikwa. Slug alikuwa mjomba, konokono aliyekosa nyumba. Slush, barafu iliyopondeka na kuwa nusu maji, alikuwa mke wa mtoto wa kwanza, aliyeolewa kutoka nchi za baridi na kila siku analia. Kitinda mimba alikuwa slobber, udenda.

"Na sleep je, Mwalimu?" wanafunzi waliuliza kila mwaka. "Na slow?"

"Hao nao ni damu yetu," alijibu. "Ila walioga, wakahama. Siku hizi hata salamu hawatumi."

Namna yake ya kufundisha ilikuwa hivi. Mwanafunzi alifungwa kitambaa machoni. Mwalimu alimwaga ndugu mmoja kwenye beseni, mwanafunzi akatumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko, akataja jina. Beseni halikusafishwa. Ndugu wa pili alimwagwa juu ya wa kwanza, na wa tatu juu ya hao, hata mwisho wa kipindi ukoo mzima ulikuwa umekutana humo kama kwenye msiba. Na kila ndugu alipoingia, kabla ya mwanafunzi yeyote, Mwalimu mwenyewe alikunja shati na kutangulia kumshika. "Siwezi kukutuma pasipo kwenda mwenyewe," alikuwa akisema. Mtaani walimwita Mwalimu Beseni.

Safi hakuwahi kumshika hata ndugu mmoja, lakini alikuwa na ukoo wote kichwani. Mzee alifanya mazoezi barazani kila Ijumaa jioni, akiongea peke yake na chupa zake, naye Safi akiwa ndani amefunga dirisha. Hata hospitalini, siku za mwisho, sauti imebaki kama ya karatasi, jambo alilomwuliza lilikuwa, "Bibi anaendeleaje?"

Safi alikuwa amechungulia dirishani tu, kwa mbali. "Anaoza vizuri, Baba."

Mzee alicheka mpaka muuguzi akaja.

Mazikoni, aliyelia kuliko wote alikuwa Mkurugenzi, mwenye kituo cha masomo ya ziada. Alikuwa mtu wa manukato mengi. Harufu yake ilitangulia kuingia mahali, naye akafuata nyuma yake kama mtu anayevutwa na mbuzi. Alilia kwa sauti, ila machozi yalitoka upande mmoja tu, upande ule ambao kijana wake alikuwa amesimama na simu akipiga picha. Kisha alikula. Safi alimtazama akila, midomo inang'aa mafuta, kipande cha nyama kikining'inia huku akisema "tumepoteza jembe." Alipomaliza alimpa Safi mkono wa pole. Mkono wenyewe ulikuwa laini, wenye unyevunyevu, na ulikawia. Safi alikwenda bombani akanawa, akanawa tena.

Siku chache baadaye Mkurugenzi alimfuata kazini. Aliingia moja kwa moja hadi kwenye meza ya pasi, akatoa vipakiti vya plastiki, akavipanga juu ya shati jeupe lililokwisha nyooshwa. Vipakiti vilikuwa vya rangi ya waridi, bluu na kijani. Ndani mlikuwa na kitu kinachotikisika.

"Hebu bonyeza," alisema.

"Hilo shati ni la watu, Mkurugenzi."

"Bonyeza kwanza, binti. Hii ni jeli. Haishiki nguo, haina vijidudu, na ina harufu ya matunda. Marehemu alikuwa hodari, Mungu amrehemu, lakini ule uchafu wake wazazi walikuwa wanaulalamikia chini kwa chini. Mimi nimeuboresha. Kila mtoto atapata chake, amefungashiwa."

Akakunjua bango. Juu yake palikuwa na sura ya Mkurugenzi, ametabasamu, kidole hewani. Nyuma yake, kwa mbali, kama kivuli cha mtu aliyepita kwa bahati mbaya, alikuwapo baba yake Safi, ameinamia beseni. Maandishi yalisema: HISI LUGHA, MBINU YA MKURUGENZI.

Safi alikata kipakiti kimoja kwa makasi ya kukatia nyuzi, akakinusa. Kilinuka kama matunda yaliyowahi kuelezwa kwa simu. Kinyaa kilimpanda papo hapo, na alishangaa, maana hapakuwa na uchafu wowote wa kulaumu. Mbona hata mtaro haukuwahi kumfanya hivi? Tope la mtaro angalau halijifanyi kitu kingine.

"Hiki kinaitwaje kwa Kiingereza?" aliuliza.

"Kipi?"

"Hiki. Mtoto akishika, ataje nani? Bibi? Shemeji?"

Mkurugenzi alicheka, akimtazama dobi mwenzake Safi ili acheke naye. "Ataje anachotaka. La muhimu afurahi. Sasa sikia. Jumamosi nimeita wazazi. Wewe utasimama pale mbele, umevaa nguo nyeupe, useme kwamba huu ndio wosia wa baba yako. Maneno machache tu. Halafu mimi naendelea."

Safi aliiweka pasi chini taratibu, kwa kuwa ilikuwa ya moto.

"Baba hakuacha wosia wa jeli. Darasa la Jumamosi nitalifundisha mimi. Kwa beseni."

"Wewe?" Mkurugenzi aliinama kidogo, kama mtu aliyechomwa na kicheko mbavuni. "Wewe unayeshika kitasa kwa leso? Ulipokuja kwangu kuchukua mshahara wa marehemu ulikaa kwenye kiti changu ukiwa umetandika gazeti!"

"Kiti chako kilikuwa na nini?"

Mkurugenzi aligeukia meza. Alikusanya vipakiti vyake, akawaza, na Safi aliona wazo likimwingia na kumpendeza. "Haya," alisema. "Na iwe mbele ya wazazi, wajionee. Ukimaliza ukoo wote bila kutoa mkono na kukimbia, darasa linabaki la baba yako, kwa beseni lake, na jina lake mlangoni. Ukikimbia, Jumamosi inayofuata naanza na jeli na hutanisumbua tena."

"Haya."

"Na usije na glavu, eti."

Alipoondoka, harufu yake ilibaki. Safi alilirudisha lile shati jeupe kufuliwa upya.

Jioni hiyo alimweleza Shangazi. Shangazi alisikiliza hadi mwisho, akajipiga paja.

"Mimi ndiye niliyemwaga. Basi kuchota nitakusaidia. Ila usiniombe nishike."

"Hata mimi sijui kama nitashika."

"Utajua Jumamosi. Tunaanza na nani?"

Walianza na bibi, kwa sababu ndiye aliyewapa shida. Baba yake Safi alimtengeneza kwa maganda ya viazi, yaliyolowekwa na kusahauliwa mpaka maji yake yakavutika kama uzi. Kazi hiyo ilitaka majuma, nao hawakuwa na majuma. Ikabidi wamtafute ndani ya nyumba. Shangazi alilala chali chini ya sinki la jikoni na kufungua kiungo cha bomba, Safi akiwa ameshika bakuli kwa mkono uliovaa glavu, uso amegeuzia mlangoni. Kwanza hakikutoka kitu. Halafu bomba lilikohoa. Kikateremka kitu cha kijivu, kirefu, kisichokatika, kikaingia bakulini polepole kwa heshima zake zote, na harufu ikafuata. Ilikuwa harufu ya sabuni iliyokufa.

"Kuna nywele humu," Safi alisema, akilisogeza bakuli mbali na uso.

"Zangu hizo, za nilipoishi humu."

"Za tangu lini?"

"Tangu nilipokuwa mzuri. Shika bakuli vizuri, usinimwagie ujana wangu usoni."

Baba mkubwa walimfuata nyuma ya duka la matairi, kwenye mtaro. Safi alitumia upawa wenye mpini mrefu. Tope lilikuwa jeusi na lilishika upawa kwa nguvu. Alipovuta lilitoa sauti kama mtu anayetoa mguu kwenye kiatu kilicholowa. Juu yake palielea ngozi nyembamba ya mafuta yenye rangi nyingi. Safi alitapika kidogo mdomoni, akayameza, kwa kuwa kutema mtaani kulimtia kinyaa zaidi. Mjomba alipatikana chini ya jiwe la kufulia, mnene, mweusi, akiandika njia yake kwa ute. Alimbeba kwa vijiti viwili huku akimwomba radhi. Shemeji hakusumbua mtu: Shangazi aliosha vyombo vya mchana wote kwenye maji yale yale, akayasogeza kando.

Wakabaki wawili, mke wa mtoto wa kwanza na kitinda mimba, na wote wawili walikuwa kwa mchinjaji wa pale kona.

Mchinjaji alikuwa akipangusa kisu. "Nikupatie nini, dada? Mbavu?"

"Naomba zile barafu unazokwangua kwenye friza."

"Zile zenye damu?"

"Hizo hizo. Na..." Safi aliliangalia jibwa la mchinjaji, lililokuwa limelala chini ya meza, mdomo wazi. "Naomba na mate ya mbwa."

Kisu kilisimama. "Dada yangu, watu huja hapa kununua nyama."

"Ni ya masomo."

"Masomo gani hayo, ya uchawi?"

"Ya Kiingereza."

Mchinjaji alimtazama upya, na uso wake ukabadilika. "Aa! Wewe ndiye mtoto wa Mwalimu Beseni. Pole sana, dada. Pole sana. Mbona hukusema? Alikuwa anakuja hapa kila Ijumaa, anakaa pale na kibakuli chake, anamwambia mbwa, 'Samahani, bwana mdogo, kidogo tu.' Kwa Kiingereza!" Akachukua mfupa, akauinua juu. "Njoo hapa wewe, umepata mgeni."

Jibwa lilikuja. Lilitazama mfupa, udenda ukaanza kushuka kutoka pembe zote mbili za mdomo, kamba ndefu zinazong'aa, nyingine ikiwa na povu na unyoya. Safi alichuchumaa na kibakuli, amefumba jicho moja. Lakini kibakuli kilipokuwa kimejaa kiasi, jibwa liliacha kuutazama mfupa. Lilizunguka nyuma ya Safi, likanusa kisigino chake, likachungulia hadi mlangoni, likarudi. Lilikuwa linatafuta mtu.

"Amemzoea," mchinjaji alisema kwa sauti ya chini. "Sijui nimwelezeje."

Safi alibeba kibakuli chake na mfuko wa barafu mpaka nyumbani mikono imenyooshwa mbele. Machozi yalimshuka njia nzima, na hakuwa na mkono mtupu wa kuyafuta.

Jumamosi darasa lilijaa. Watoto walikaa mbele, wazazi wamesimama ukutani, wengine wameshika leso tayari, maana sifa za kipindi hicho waliwahi kuzisikia. Mkurugenzi alikaa pembeni, kwenye kiti chenye mikono, sanduku la jeli likiwa miguuni. Madirisha hayakuwa yamefunguliwa, na harufu ya matairi mapya kutoka chini ilipanda ikachanganyika na manukato yake. Beseni la marehemu lilikuwa mezani, la bati, la bluu, limebanduka rangi mahali pale alipozoea kuegemeza kiwiko.

Safi alivua saa. Akakunja mkono wa blauzi. Mkono wenyewe, mweupe kiganjani kwa kunawa, ulionekana kama kitu kilichoazimwa.

"Leo tunaanza na nani?" aliuliza, na sauti yake ilitoka ndogo.

"Bibi!" watoto walipaza.

Shangazi, aliyekuwa amebeba vikapu vya chupa ghorofani na kukataa kuondoka, akammwaga bibi. Alianguka ndani ya beseni mzima kwa mara moja. Wazazi wa mbele walirudi nyuma, wakawakanyaga wa nyuma.

Mwalimu hutangulia. Safi alikitazama kile kitu cha kijivu na nywele za Shangazi zikiogelea ndani yake. Alipiga moyo konde, akatumbukiza mkono.

Kilichomshtua ni kwamba bibi alikuwa wa uvuguvugu. Alimpokea. Alimzunguka kila kidole, akaingia chini ya kucha, akampanda hadi kwenye kiwiko bila haraka, kama mtu mzima anayekukagua umekonda kiasi gani. Nywele moja ilijifunga kwenye kidole cha pete.

"Slime," alisema.

"Slime!" darasa lilijibu.

Msichana mmoja asiye na meno ya mbele, ambaye wenzake walimwita Pengo, alikuwa wa kwanza kuja. Alifungwa kitambaa, akazamisha mkono pembeni ya mkono wa Safi, akatabasamu chini ya kitambaa. "Shikamoo, Bibi," alimwamkia ute, na darasa likacheka. Hivyo ndivyo walivyozoeshwa, wote.

Akaja baba mkubwa. Tope liliingia zito na baridi, likakaa chini ya bibi. Safi alihisi kitu kigumu kidogo ndani yake, hakutaka kujua ni nini, na akajua: ilikuwa kucha ya mtu. "Sludge," alisema, meno yameumana. Akaja shemeji na punje zake za wali zilizovimba, akaja mjomba, ambaye alitembea juu ya kifundo chake cha mkono, hai, akitafuta pa kutokea. Akaja mke wa mtoto wa kwanza, pinki kwa damu ya nyama. Kila mara mtoto mmoja alikuja, akashika, akataja, na darasa likaitikia. Mkono wa Safi ulibaki ndani. Aliogopa kwamba akiutoa mara moja tu hautakubali kurudi.

Mkurugenzi alikuwa ameacha kutabasamu. Alianza kutazama saa yake.

"Kitinda mimba," Shangazi alitangaza, akainua kibakuli.

Udenda ulishuka juu ya mkono wa Safi, wenye uvundo wa mifupa, ukiwa na ule unyoya. Na sasa wote walikuwamo, ukoo mzima, wamekutana, wanazunguka polepole kwenye kiwiko chake, na harufu yao ikapanda kwa pamoja hadi usoni pake. Safi alifungua mdomo aseme slobber. Neno halikutoka. Kilichotoka ni chai ya asubuhi na mkate wake, kwa nguvu, moja kwa moja kwenye beseni, juu ya mkono wake mwenyewe.

Shangazi aliweka kibakuli chini. Mkurugenzi alisimama, sanduku mkononi, sura yake imejaa huruma aliyokuwa ameiandaa tangu nyumbani.

"Wazazi wapendwa," alianza, "nadhani sote tumejionea..."

Safi alikuwa ameinama, mkono wa kushoto umeshika ukingo wa beseni, kamba ya mate ikining'inia kwenye kidevu. Mkono wa kulia haukuwa umetoka. Ulikuwa humo hadi kwenye kiwiko.

Pengo aliinua kidole. Alikuwa amevua kitambaa na kuchungulia kwa makini.

"Mwalimu," aliuliza, "na huyo ni nani kwenye ukoo?"

Hakuna aliyewahi kumwita Safi mwalimu. Aliinua uso. Alijifuta mdomo kwa bega.

"Slop!" mtoto mmoja alipiga kelele. "Ana makombo!"

"Slop gani, wewe? Mzito huyo! Sludge!"

"Anavutika, angalia, anavutika! Ni wa kwa bibi!"

"Huyo ni mgeni," Safi alisema. Sauti ilikuwa imekwaruzika, lakini ilifika hadi ukutani. "Ndiyo kwanza anafika. Mpeni mkono tujue anatoka wapi."

Pengo hakungoja kufungwa kitambaa. Alifumba macho mwenyewe, akashusha mkono, akapapasa, akafikiri, uso umekunjamana kwa kinyaa cha raha. "Slop," aliamua. "Shemeji amezaa!"

Kicheko kilichopasuka kilitoka kwa watoto, kikaruka ukutani kwa wazazi. Watoto walisukumana kupanga mstari. Mama mmoja alicheka huku ameziba pua, akajikwaa kwenye kicheko chake. Mkurugenzi alijaribu tena, "Wazazi, kiafya, hebu tufikirie..." na baba mmoja aliyekuwa nyuma, mwenye ovaroli la gereji, akamwambia, "Bwana mkubwa, kaa chini, unatuziba."

Akakaa. Safi alimaliza. "Slobber," alisema mwisho, na darasa likaitikia kwa sauti iliyofanya mtu wa duka la matairi agonge dari kwa fimbo.

Wazazi walipoanza kushuka ngazi, Mkurugenzi alimsogelea, kwa kuwa wengi walikuwa bado wanatazama. Bango lake alikuwa amelikunja. "Ahadi ni ahadi," alisema bila kufungua meno. "Jina la marehemu litakaa mlangoni." Akanyoosha mkono, kisha akauona wa Safi na kutaka kuurudisha. Safi aliuwahi. Aliukamata, akautikisa kama inavyotakiwa, kwa shukrani, bila haraka.

Mkono ule ulikuwa vile vile kama siku ya mazishi, laini, wenye unyevunyevu. Kati ya vyote alivyoshika siku hiyo, huo ndio uliomfanya atafute leso.

Nyumbani Shangazi hakumruhusu kuingia kwa mlango wa mbele. Alimwosha uani kwa ndoo tatu na sabuni ya kufulia, akilalamika, na bado harufu ilibaki kwenye kucha. Safi alikula kwa mkono wa kushoto, kwa kijiko alichokifuta. Usiku kucha, alijua, atauhisi ule ute kwenye kidole cha pete. Hakuwa amepona kitu.

Kabla jua halijazama alimenya viazi vya chakula cha jioni barazani. Maganda hakuyatupa. Aliyashindilia kwenye chupa moja ya mdomo mpana, iliyokuwa bado inanuka dawa ya choo, akaijaza maji, akafunika bila kukaza, kwa sababu mzee alikuwa akisema lazima apumue. Akaiweka ukutani, pale pale.

Shangazi alitoka na kiti chake, akaiona. "Na hiyo tena ni nini?"

"Bibi."

"Ameanza kunuka?"

Safi aliinama, akafungua kifuniko kidogo, akanusa. Uso wake ulikunjamana wote.

"Bado," alisema. "Mpe muda."

Shangazi alibeba kiti chake, akakihamishia upande upepo unakotokea.